Kadi Moja, Wake Wawili

Tulimwacha Tanuri maji yakiwa kiunoni. Wewe msomaji umekula, umelala, umegombana na jirani na mkapatana. Yeye bado yuko pale pale, juu ya fungu la mchanga katikati ya bahari, na sasa maji yamefika kifuani.

Boti waliyokodi asubuhi, ile ya kujiendesha wenyewe, imeshakuwa kitone. Ndani yake yumo mtu mmoja tu: Wakili, mume wake wa ndoa.

"Injini inakohoa," alikuwa amemwambia. "Ngoja niizungushe kidogo. Wewe endelea kutazama samaki."

Injini ile ilikuwa na afya kuliko mwenye nayo. Na kama angeondoka kwa bahati mbaya, basi angegeuka akarudi. Wakili aligeuka. Alimwona mkewe akipunga mikono. Akaongeza mwendo.

Tanuri hakuwa mwogeleaji. Alikuwa mwoka mikate. Jina hilo lilitokana na tanuri la matofali aliloachiwa na marehemu mama yake, na watu wakalikubali haraka kwa sababu ya hasira zake. Kwa tanuri hilo alimlea mdogo wake, Kitinda, tangu akiwa mtoto wa kunyonya. Kwa tanuri hilo alimsomesha hata mume, mpaka akavaa joho la uwakili.

Wimbi likampiga mdomoni. Akatema chumvi.

"Sifi!" aliifokea bahari. "Umesikia? Leo sifi!"

Bahari haikujibu. Aliyejibu alikuwa mtalii mmoja aliyekuwa amelala kifudifudi ndani ya boti ya sakafu ya kioo, akitazama matumbawe. Alipiga yowe:

"Huyu samaki ana vidole vya miguu!"

Boti ikasimama kwa kishindo. Mkono mnene ukamshika Tanuri kwapani ukamwinua kama gunia la unga. Mwenye mkono alikuwa mwanamke mwenye kofia iliyoshonwa kwa mabaki ya vitambaa na sauti ya kukwaruza. Pwani nzima ya kisiwa cha karibu walimwita Mama Injini.

"Dada, hapa watu huja maji yakipwa, na huondoka yakijaa," alisema. "Nani amekuacha?"

"Mume wangu."

Mama Injini akawasha injini.

"Twende tukamshike."

Wakachelewa.

Walipofika gatini, meli nyeupe ya kitalii waliyokuwa wakisafiri nayo, ndefu kama mtaa mzima, ilikuwa imeshang'oa nanga na kugeuza pua kuelekea kisiwa cha pili. Abiria walionekana kwenye roshani zake, na muziki ulisikika mpaka nchi kavu.

Tanuri, miguu mitupu, nguo ya kuogelea ikiwa imefunikwa na koti la kuokolea maisha, aliingia ofisi ya wakala wa meli bila kubisha hodi.

"Simamisheni meli! Nimeachwa!"

Wakala alikuwa kijana wa shati jeupe, feni ikimpepea shingoni. Alimtazama kuanzia nywele zinazodondosha maji mpaka vidole.

"Jina na namba ya chumba."

Tanuri akataja. Kijana akabofya kompyuta, akasoma, akanyanyua uso taratibu.

"Mama, wewe umo melini."

"Nini?"

"Kadi yako imepita kwenye geti la meli. Umepanda. Mashine haisemi uongo."

"Na mimi ninayesema na wewe hapa ni nani? Mzimu?"

"Hiyo sijui. Lakini mwenye kadi yumo ndani." Akageuza kioo cha kompyuta. "Kamera ya getini imempiga picha. Huyu hapa."

Tanuri aliinama. Akaona kofia yake pana. Akaona mkoba wake, ule aliouacha botini na kadi ndani. Akaona gauni lake la manjano. Kisha akauona uso uliokuwa chini ya kofia, unaofanana na wake kama mikate miwili ya kalibu moja, isipokuwa mmoja ulitoka tanurini miaka mingi baadaye.

Ulikuwa uso wa Kitinda. Mdogo wake. Tena anacheka.

Kitinda aliyetakiwa kuwa nyumbani, akisimamia mikate!

Wakati mwingine mtu akikasirika hupiga kelele. Tanuri hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza na meza ikatetemeka, kalamu zikaanza kuanguka moja moja.

"Nipe simu."

"Mama, tulia kwanza," kijana alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kubembeleza wagonjwa. "Tumeshaambiwa habari zako."

"Habari zangu zipi?"

"Yule bwana wakili alipita hapa kabla ya kupanda. Alisema kuna mwanamke ana matatizo ya akili, humfuata kila kituo akijiita mkewe. Akatuomba akija tumtunze vizuri, tusimpige." Mkono wake ulikuwa tayari kwenye simu ya mezani. "Kaa hapo. Naita watu wa hospitali."

Umeona mtu alivyojipanga? Bahari ikishindwa kummaliza, basi kuna kuitwa kichaa. Mlango huu na mlango ule, yote ameishika yeye!

Mama Injini, aliyekuwa amesimama kizingitini, alicheka bila furaha.

"Mimi nimewavua vichaa wawili watatu kwenye maji haya. Hakuna hata mmoja aliyesema asante. Huyu alisema asante kabla hajamaliza kutapika." Akamshika Tanuri mkono. "Twende zetu, dada. Ukikaa hapa utachomwa sindano ya usingizi, utaamka mambo yamekwisha."

Wakatoka mbio. Nyuma yao kijana alikuwa anaita walinzi.

Kwa simu ya Mama Injini, Tanuri alipiga namba moja aliyoijua kwa kichwa, ya msimamizi wake wa mikate.

"Mama!" mzee wa watu alifurahi. "Visiwa vinasemaje?"

"Kitinda yuko wapi?"

"Si yuko na wewe? Alisema umemwita, shemeji yake amemkatia tiketi ya ndege. Hata nikamsindikiza." "Mama, nimekosea?"

"Hujakosea wewe," Tanuri alisema. "Nimekosea mimi niliyemfundisha kutembea."

Akakata simu.

Walikuwa wamekaa nyuma ya ghala la forodha, kati ya marobota na mitungi ya gesi. Mama Injini alimvua koti, akampa gauni lake la kazini na viatu vya mpira. Hakumuuliza maswali. Tanuri ndiye aliyeanza kusema, meno yamekaza.

"Kipande kile cha ardhi chini ya tanuri, alitaka nikiuze, pajengwe ghorofa. Nikakataa. Akaniambia sawa, tusahau, twende tukapumzike baharini, mimi na wewe na mama. Miaka yote ya ndoa hajanipeleka hata sokoni! Nikasema kumbe mwanamume akikua hubadilika. Nikafurahi, Mama Injini. Nilifurahi mpaka nikanunua kofia!"

Akapiga mtungi wa gesi kwa ngumi. Mtungi ukalia kama kengele.

"Usivunje mitungi ya watu," Mama Injini alisema. "Huyo mama uliyemtaja ni mama yako?"

"Wangu alishafariki. Ni mama mkwe. Yumo melini, magoti yanamsumbua, hashuki ila kwa kiti cha magurudumu. Ndiye tegemeo langu. Ananiita mwanangu. Akiona nimepotea hatakula, atapiga kelele meli nzima ijue."

"Basi tumpelekee sura yako aione. Meli inazunguka kwa kina kirefu, inalala njiani, asubuhi ndiyo inashusha watu. Feri ya mizigo inakata moja kwa moja. Tutatangulia."

"Tutatangulia? Wewe una kazi yako."

"Samaki wa kutazamwa wapo kila siku," Mama Injini alijibu. "Mume wa namna hii sijawahi kumwona. Nataka kumwona."

*

Asubuhi, gati la kisiwa cha pili lilikuwa limejaa waongoza watalii. Kila mmoja alikuwa na kibao: Mapango, Kasa, Maporomoko, Kuendesha Farasi. Meli ilikuwa imetia nanga mbali kidogo, na boti ndogo za rangi ya chungwa zilikuwa zinaleta abiria nchi kavu, kundi baada ya kundi, wakinukia mafuta ya jua.

Tanuri alijua pa kusimama. Mapango ndiyo waliyochagua yeye na Wakili, siku walipokuwa bado wamekaa kitandani wakipekua picha za safari kama maharusi. Alisimama nyuma ya mwenye kibao cha Mapango, akashusha kofia ya Mama Injini mpaka kwenye nyusi.

Boti ya kwanza, hawamo. Ya pili, hawamo.

Ya tatu ikagusa gati.

Akashuka Wakili, shati la maua, miwani ya jua. Akageuka akanyoosha mkono kwa adabu, na Kitinda akaruka nchi kavu, gauni la manjano linapepea. Nyuma yao mabaharia wawili walikuwa wanashusha kiti cha magurudumu, na juu yake mama mkwe, mkoba mapajani. Anatafuna biskuti.

Aliyesemwa hatakula.

"Wa mapango, wawili!" Wakili aliita kwa uchangamfu. "Mimi na mke wangu."

Tanuri akavua kofia.

"Karibuni," alisema. "Mke yupi?"

Biskuti ilisimama mdomoni mwa mama mkwe. Kitinda alipiga ukelele mdogo, kama aliyekanyaga msumari. Lakini mtazame Wakili! Rangi ilimtoka, kweli, akawa kama unga wa ngano. Kisha, kabla hujahesabu tano, ikarudi. Akavua miwani, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Masikini. Amenifuata mpaka huku." Akapunga mkono. "Ofisa! Tusaidie, tafadhali."

Ofisa wa bandari alikuja, mtu mzima, mwenye tumbo na kofia ya kazi, askari wawili nyuma yake.

"Kuna nini hapa?"

"Huyu ni mume wangu," Tanuri alisema. "Jana aliniacha baharini nife. Na yule aliyevaa gauni langu ni mdogo wangu."

"Huyu mwanamke ni mgonjwa," Wakili alisema taratibu, kwa ile sauti ya mahakamani. "Mke wangu ni huyu. Kadi hii hapa. Angalia picha."

Ofisa akaangalia picha. Akamwangalia Kitinda. Akamwangalia Tanuri, nywele zimesimama kwa chumvi, gauni la kazini lenye madoa ya grisi, viatu vya mpira.

"Na wewe una nini cha kuonyesha?"

"Kila kitu changu amevaa yeye!"

"Mimi nimemtoa majini kwa mkono huu!" Mama Injini akadakia.

"Ulimwona mtu akimtupa?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi subiri."

Ndipo Tanuri akamgeukia mama mkwe. Akapiga magoti mbele ya kile kiti, mbele ya watalii na kamera zao.

"Mama. Waambie. Mimi ni nani?"

Ofisa akainama naye. "Bibi, wewe ndiye mama wa huyu bwana? Vizuri. Kati ya hawa wawili, mkwe wako ni yupi?"

Mama mkwe alimtazama Tanuri. Alimtazama kwa muda, macho yale yale ya kila jioni, ya mtu aliyekandwa magoti kwa maji ya moto na mikono hii hii. Kisha akanyoosha kidole.

"Huyu," alisema. "Wa gauni la manjano. Huyo mwingine simjui."

Kamera za watalii ziligeukia kwa Tanuri.

"Mama!" Tanuri alinong'ona.

Bibi akainama karibu na sikio lake, na maneno yake yalinuka biskuti.

"Mke hupatikana, mwanangu. Mwana hazaliwi mara mbili."

Tanuri akasimama.

"Nimekukanda, nimekuogesha, nimekulisha kwa kijiko ulipoumwa," alisema, sauti inapanda. "Na ulijua! Jana umekaa kwenye roshani na chai yako, unajua niko wapi! Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, bibi. Utalia! Sikuapizi, nakupa habari tu!"

"Mchukueni," Wakili aliwaambia askari, kana kwamba ni wake.

Wakamshika mikono. Wakili akamshika Kitinda kiuno, amgeuze waondoke. Na hapo Tanuri akaacha kumtazama mume. Alimtazama mdogo wake.

"Kitinda! Nguo chukua. Kofia chukua. Hata yeye mchukue, ni takataka! Lakini kabla hujaingia pangoni naye, muulize jana aliniacha wapi. Muulize maji yalinifika wapi!"

Kitinda alisimama.

"Maji gani?"

"Usimsikilize," Wakili alisema.

"Maji gani, shemeji?" Lile neno lilimtoka lenyewe, shemeji, mbele ya ofisa na watu wote. "Si uliniambia mmeachana kwa amani? Si ulisema umempeleka uwanja wa ndege mwenyewe, na kadi amekurudishia kwa hiari?"

"Ndege!" Tanuri alinyoosha mikono iliyoshikwa na askari. Chumvi ilikuwa imekauka juu ya ngozi, mistari myeupe mpaka kwenye mabega. "Angalia vizuri! Ndege gani inaacha alama hizi?"

Kitinda aliangalia. Akaondoa ule mkono kiunoni mwake kama anayeondoa mdudu, akamgeukia ofisa.

"Mimi siye mke wake. Mkewe ni huyu. Ni dada yangu, amenilea. Mimi..."

Haya, msomaji, umeshashangilia? Umeshasema Wakili amekwisha? Ngoja. Humjui.

Wakili alipiga paji la uso kwa kiganja, akapiga kelele:

"Mmesikia! Amekiri kwa mdomo wake! Ameiba kadi, amepanda meli kwa sura ya dada yake, akanidanganya hata mimi!" Na kabla askari hawajaelewa, akamkumbatia Tanuri, machozi yanamtiririka, machozi ya kweli kabisa. "Mke wangu! U hai! Aliniambia umerudi nyumbani kwa hasira. Mkamateni huyo binti, ndiye aliyetaka kumuua dada yake!"

Askari, watu wa kufuata amri inayotoka kwa sauti kubwa, wakamwachia Tanuri, wakamkamata Kitinda.

"Dada!" Kitinda alilia. "Dada, wallahi sikujua!"

Ofisa alivua kofia, akajifuta jasho. Alikuwa ameanza kuchoka na familia hii.

"Mama, sema wewe. Ni nani aliyekuacha majini? Mume au mdogo?"

Wakili alikuwa bado amemkumbatia. Mdomo wake ulikuwa sikioni.

"Amekuibia mume," alinong'ona. "Mtaje yeye. Tutarudi nyumbani, tutaanza upya."

Tanuri alimtazama mdogo wake, lile gauni, ile mikono myembamba ndani ya mikono ya askari. Hasira aliyokuwa nayo kwake ilikuwa ya kutosha kumfunga miaka. Tena ingekuwa tamu.

Akampiga Wakili kichwa cha pua.

Kilisikika mpaka kwenye boti. Wakili akarudi nyuma, damu inachuruzika juu ya shati la maua.

"Mdogo wangu ni mwizi wa mume," Tanuri alimwambia ofisa. "Hilo ni la kwetu, nitalimaliza mwenyewe kwa mkono wangu, na hatalipenda. Lakini muuaji ni huyu. Andika."

Mama Injini alipiga makofi peke yake.

Ofisa hakuandika. Alimtazama mmoja mmoja, akavaa kofia yake tena.

"Kisa kimetokea kisiwa kingine, bandari nyingine. Hapa mimi sina kesi. Pasipoti zenu zote ziko melini, na meli ni ya nahodha wake. Mtarudi wote, mkamweleze yeye."

"Wote?" Mama Injini alifoka. "Unampandisha huyu dada na mtu aliyemwacha afe?"

"Wote. Boti ya mwisho, jioni."

"Dada, usipande," Mama Injini alimshika mkono. "Kaa kwangu."

Tanuri alitazama gati, kisha ile meli kubwa nyeupe.

"Nikikaa, atasema tena mimi ni kichaa," alijibu. "Na huyu mjinga mwenye gauni langu atabaki naye peke yake." Akamkumbatia Mama Injini kwa nguvu, na jioni ilipofika akashuka botini.

Mama mkwe alitazama maji. Kitinda alilia chini chini na hakuna aliyembembeleza. Kwenye geti la meli, Kitinda alipitishwa kwa amri ya ofisa; kwa Tanuri, mlinzi alichukua ile kadi moja, akaipitisha, mashine ikalia kwa furaha.

"Karibu tena nyumbani, mama," mlinzi alisema. "Matembezi yalikuwaje?"

Lango la chuma likaanza kufungwa nyuma yao. Chini ya miguu, injini kubwa zikaamka. Wakili, leso puani, akajisogeza ubavuni mwa mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

"Umekosea kupanda," alisema polepole. "Visiwa vimekwisha. Kuanzia sasa ni bahari tupu, hakuna kituo."

Tanuri alisubiri mpaka lango likajifunga kabisa. Kisha akamgeukia.

"Vizuri," alisema. "Basi hata wewe huna pa kushukia."